Natafuta kodiani ya batani ya zamani, safu moja stopa nne, Uganda hii ipo kweli?

MtuWaSamia

Wadau habari zenu, naombeni msaada na tafadhali utani muuweke kando kwanza. Natafuta kodiani ya batani, ile ya zamani ya Mjerumani, sio hii yenye vibao vya piano maana kila nikisema kodiani watu wananiletea hiyo. Ninayotaka ni ndogo ya mbao, mkono wa kulia batani kumi zimepangwa safu moja, mkono wa kushoto vijiko viwili vya besi, na juu kabisa kuna vifundo vinne vya kuvuta ambavyo sisi tunaita stopa. Ni ile ambayo ukibonyeza batani ukasukuma inatoa nota moja, ukavuta batani hiyo hiyo inatoa nyingine.

Tuko na kundi dogo tunapiga harusi na matanga hapa Busia mpaka Majanji chini ziwani, gitaa mbili, ngoma, chuma cha kugonga, na mimi nimekuwa nabonyeza kinanda cha umeme nimekiweka sauti ya kodiani. Vijana hawana shida nacho. Wazee ndio wanakaa na mirija yao kwenye chungu cha pombe ya malwa wanatingisha kichwa, na mmoja aliniambia wazi, wewe mtoto hiyo kitu yako haipumui. Sikuwa na jibu kwa sababu ni kweli haipumui.

Nimeuliza soko la Owino, nimeuliza maduka ya vyombo vya muziki Kampala, wote wako na mpya za piano. Sasa kuna jamaa Mbale amenitumia picha kwa WhatsApp, anasema ni Hohner orijino, babu yake alirudi nayo kutoka vita ya Burma, anataka milioni tatu na nusu. Lakini kwenye picha naona batani zimekaa safu mbili sio moja, juu hakuna stopa hata moja, na mbele mbao imechorwa maua maua kama imechomwa na chuma cha moto. Maswali yangu: hii ni ile ile au ni kitu kingine? Bei ni ya binadamu? Na nikienda kuiona niangalie nini, maana mimi napiga tu, mambo ya ndani sijui.

Kijana_Kla

Bro milioni tatu na nusu kwa kitu cha babu? Nunua mpya ya Kichina, weka maikrofoni, wazee wako watazoea. Pesa inayobaki nunua spika.

FundiVinanda_Katwe

Mimi natengeneza vinanda vya makanisa, harmoniamu za Wahindi, na kodiani zikija, kwa hiyo nakujibu kwa nilichoona mezani kwangu sio kwa kusoma.

Hiyo ya maua yaliyochomwa kwenye mbao ni Hohner kweli ikiwa picha haijaibwa mahali, ni modeli wanaiita Pokerwork, jina lenyewe linatokana na hayo maua ya kuchomwa. Kwa kawaida ina batani 21 kulia na 8 za besi kushoto. Sio ile unayotafuta lakini sio adui yake pia, ni ndugu, nayo ukisukuma na kuvuta inabadilisha nota vile vile. Safu mbili maana yake ni kama wamekuunganishia kodiani mbili za safu moja, kila safu na kii yake, yaani nota yake ya nyumbani, kwa mfano safu ya nje G na ya ndani C. Nyimbo unazojua za safu moja utazipiga kwenye safu yoyote kati ya hizo bila kubadilisha vidole sana.

Tofauti iko kwenye ndimi, zile za chuma zinazotoa sauti ndani. Ile yako ya stopa nne, kila nota ina ndimi nne zinalia pamoja, mmoja wa chini, mbili za katikati, mmoja wa juu, na kila stopa inafungua au kufunga mstari wake. Piga hesabu, batani 10, mara mbili kwa kusukuma na kuvuta, mara nne, unapata ndimi 80. Hiyo Pokerwork ni batani 21 mara mbili, lakini kila nota ina ndimi mbili tu, jumla 84. Umeona? Chuma ni karibu idadi moja, ila moja imekusanya nguvu kwenye nota chache na nyingine imetawanya kwenye nota nyingi. Ndio maana ile ya safu moja inasikika uwanjani bila umeme watu mia wakicheza na ngoma inapigwa, na hiyo ya Mbale itakuwa tamu lakini nyembamba. Kwa hiyo kabla ya bei jiulize kwanza, unapiga na spika au unapiga uwanjani kavu?

Ukienda kuiona, kabla hujapiga wimbo wowote (muuzaji atakuambia piga wimbo, wewe kataa kwanza) fungua mikanda ya mvukuto, shika upande wa juu, uachie wa chini uning'inie bila kubonyeza kitu. Ukishuka polepole, hewa haivuji. Ukianguka pap, mvukuto umetoboka au vifuniko vya batani havifungi. Baada ya hapo bonyeza batani moja moja, sukuma, vuta, hapo hapo polepole na kwa nguvu kidogo, usiruke hata moja, na besi pia. Nota inayochelewa kuanza, inayokoroma, au inayolia mbili mbili vibaya, iandike. Halafu weka pua yako kwenye matundu ya mbele. Harufu ya ukungu ni habari mbaya kwa ngozi na chuma.

Mwambie akuruhusu kung'oa zile pini za fremu ufungue. Akikataa kabisa, mimi ningeondoka. Ndani utaona ndimi zimegandishwa kwa nta kwenye vibao vya mbao. Nta hiyo ni ya nyuki imechanganywa na utomvu mkavu wa msonobari, na ikikaa miaka mingi inakauka inapasuka kama ardhi ya kiangazi, ndimi zinaanza kulegea. Hilo linatengenezeka, nta ya nyuki Uganda sio shida. Vile vingozi vidogo vinavyoziba ulimi usiotumika vikijikunja pia vinabadilishwa. Kutu ndiyo naogopa, hasa nyinyi wa karibu na ziwa. Na zaidi ya kutu naogopa fundi aliyepita kabla yangu. Ukikwangua ulimi kwenye ncha sauti inapanda, ukikwangua karibu na ribiti, pale ulimi umeshikwa, inashuka, basi mtu akisikia hivyo anachukua msumari anakwangua huku na huku mpaka chuma kinakuwa karatasi. Ukiona mikwaruzo mikubwa yenye kung'aa kwenye ndimi nyingi, hiyo hata kwa laki mbili usichukue.

AfandeMstaafu_Bombo

Vijana mnaongea vizuri lakini hiyo hadithi ya Burma mmeiruka tu. Hebu tuitazame.

KAR (King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la askari wa huku kwetu) walipigana Abisinia 1941, Madagaska 1942, Burma 1944 na 1945. Askari kurudi na kinanda cha mkono sio ajabu hata kidogo, sisi hapa Bombo tulikua tukisikia hadithi kama hizo kila nyumba, na nusu yake ni kweli. Lakini kuna njia ya kuipima. Mwambie jamaa akupigie picha ya maandishi madogo, mara nyingi yako nyuma au chini, mahali imeandikwa nchi. Kama ni "Made in Germany" tu, inaweza kuwa ya kabla ya vita. Kama iko na W. au Western mbele ya Germany, basi babu hakurudi nayo Burma, maana Ujerumani iligawanyika kuwa nchi mbili 1949 na ikaungana tena 1990. Vita ya Burma ilikuwa imekwisha zamani.

Hata hivyo msimwite mtu mwongo haraka. 4 KAR, yaani kikosi cha nne, ilikuwa Jinja mpaka uhuru 1962 ndipo ikawa Uganda Rifles, kwa hiyo babu anaweza kuwa askari wa KAR kweli na kodiani akaipata 1955 dukani, wajukuu wakaongeza Burma ili hadithi inoge. Chombo kinaweza kuwa kizuri hata kama hadithi yake ni mbovu. Lakini milioni tatu na nusu hiyo ndani yake mna bei ya Burma, hiyo sehemu usilipe.

Nyar_Tororo

Kaka MtuWaSamia, kwani umezunguka Kampala yote kutafuta kitu ambacho kiko ng'ambo ya daraja? Mimi ni wa Tororo lakini kwa mama yangu ni Ugenya. Upande wa Waluo Kenya hicho chombo kina muziki wake kabisa unaitwa onanda, kodiani na chuma cha kugonga, na mpaka leo kuna wazee wanaopiga. Na ukienda mbali zaidi kwa Wakikuyu, mwomboko inachezwa na kodiani na ile pete ya chuma ya karing'aring'a, wazee kwa wamama waliovaa sare, hiyo walianza miaka ya 1940. Kwa hiyo soko la hivi vyombo liko Kenya, huku Uganda viko vichache kwa sababu sisi wengi tulikimbilia gitaa.

Ila nikuambie ukweli, hutaikuta dukani. Vyombo hivi viko kwa familia, mzee akifa kinabaki juu ya kabati na watoto hawajui kukipiga lakini kukiuza pia hawataki. Ukifika na noti mkononi siku ya kwanza umeharibu. Unaenda kwanza kusalimia, unasema wewe ni mpigaji, wanakuletea ukipige, na hapo ndipo wazee wanaamua kama wewe ni mtu au ni dalali. Madalali wamepita sana huko wakitafuta vitu vya zamani kuuzia wazungu, redio, saa, cherehani, watu wamechoka.

Jambo lingine uliza waimbaji wako wanaimba kii gani. Nimeona mtu Malaba alinunua kodiani safi kabisa halafu ikawa waimbaji wote wanapiga kelele juu kama wanaitana mlimani, kwa sababu kodiani ya namna hii ina kii yake ya kiwandani na huwezi kuhamisha kama kinanda cha umeme.

Kijana_Kla

Mnaona? Hiyo ndiyo nasema, kinanda cha umeme unabonyeza transipozi, kii inahama, umemaliza. Mnajitesa bure.

Nyar_Tororo

@Kijana_Kla wewe siku utakayopiga matanga Majanji saa nane usiku jenereta imeishiwa petroli ndipo utarudi hapa kutuambia.

Mganda_Houston

Nimecheka na hiyo ya jenereta. Naongezea kitu kutoka huku niliko. Nimeishi Texas miaka mingi, ukiendesha gari mashariki masaa machache unaingia Louisiana, na kule kuna watu wanaitwa Cajun, asili yao Kifaransa, muziki wao kwa sehemu kubwa umekaa juu ya kodiani hiyo hiyo unayotafuta, safu moja, batani kumi, stopa nne juu. Siku ya kwanza kuiona kwenye ukumbi wa dansi nilishtuka, nikasema hii si ni ile ya kwetu mpakani.

Na hapo ndipo nilielewa kwa nini za zamani ni adimu. Kabla ya vita ya pili zilitoka Ujerumani kwa wingi, Cajun walipenda sana mbili zinazoitwa Monarch na Sterling, ndogo nyeusi. Vita ikaja, meli zikakatika, na baada ya vita hizo hazikurudi tena. Ikabidi fundi mmoja wa Lake Charles anaitwa Sidney Brown aanze kutengeneza mwenyewe kwa kuiga zile za Mjerumani, na mpaka leo Louisiana kuna mafundi wanaotengeneza moja moja kwa mkono kwa muundo huo huo wa zamani. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema anayo Monarch au Sterling Uganda, muombe picha nyingi sana, na mshirikishe mtu anayejua kabla pesa haijatoka.

Njia zako kwa maoni yangu ziko hivi. Hohner walitoa modeli ya safu moja stopa nne inaitwa 114, hiyo used inaonekana mtandaoni mara kwa mara na ndiyo rahisi kupata kuliko zote, sauti sio ya kabla ya vita lakini muundo ndio ule. Ya mkono ya Louisiana ni tamu kupita maelezo lakini bei yake kwa kawaida inapita dola elfu moja, na nyingi ni kii ya C, za D zipo. Usisahau ikifika Entebbe URA (watu wa mapato) wanataka ushuru wao na VAT asilimia 18, na wanahesabu juu ya bei ya chombo pamoja na usafiri, kwa hiyo ile bei unayoiona kwenye simu sio bei ya Busia. Bora mtu anayesafiri akubebee kwenye ndege mkononi, aitangaze akifika, kuliko kuitupa kwenye posta ikapigwa huku na huku.

Kuhusu ile ya Mbale sijui kama ningetoa hata nusu ya hizo pesa. Pokerwork ni nzuri lakini zilitoka nyingi sana duniani, sio adimu. Umri wake peke yake haumfanyi muuzaji kuwa tajiri.

MtuWaSamia

Jamani asanteni sana, mmenifungua macho, hasa fundi na hesabu yake ya ndimi maana nilikuwa sijawahi kujua kwa nini ile ya mwalimu wangu ilikuwa inapasua usiku kiasi kile na ilikuwa ndogo hivi.

Afande nimemwandikia yule wa Mbale anitumie picha ya maandishi. Amekaa kimya kidogo halafu akaleta. Nyuma imeandikwa Made in Western Germany. Nikamuuliza kwa upole tu, na Burma je, akasema basi labda babu aliipata baadaye. Bei imeshuka hapo hapo mpaka milioni mbili bila mimi kuomba hahaha.

Dada Nyar hiyo ya ng'ambo ya daraja imeniuma kidogo kwa sababu ni kweli, mimi mwenyewe navuka Busia kila wiki kununua unga. Kuhusu kii, mwimbaji wetu mkubwa ni mama mmoja sauti yake imekaa vizuri tukiwa kwenye G au A, C anaimba lakini analalamika kidogo. Sasa fundi, hiyo ya Mbale ikiwa ni G na C kama ulivyosema, si inanifaa kwa safu ya nje? Na nitajuaje kii yake bila kuamini mdomo wa muuzaji?

FundiVinanda_Katwe

Kii usimuulize mtu, uliza chombo. Weka kwenye simu programu ya tyuna yoyote ya gitaa, ya bure inatosha. Kwenye zile za safu moja batani kumi, hesabu kutoka juu, batani ya tatu ukisukuma ndiyo nota ya nyumbani, tyuna ikikuambia C basi hiyo ni ya C. Kwenye safu mbili mpangilio wa batani za juu unatofautiana kidogo kati ya modeli, kwa hiyo sukuma batani za katikati tatu zinazofuatana kwenye safu moja, utapata nota tatu za kodi moja (chord, sio ushuru), kwa mfano G, B, D, hapo umejua safu ni ya G. Pokerwork zilitoka kwa kii nyingi tofauti, G na C nilitoa mfano tu, usije ukafunga safari ukakuta C na F yule mama mwimbaji wenu akalia.

Halafu angalia kama zote zimeshuka au kupanda pamoja. Kodiani ya zamani kuwa chini kidogo ya tyuna sio kosa ikiwa ndimi zote zimeshuka sawa, utawashusha wapiga gitaa wako waifuate kodiani, gitaa ndiyo inayokunjwa, kodiani haikunjwi. Shida ni pale baadhi ziko chini na baadhi juu. Pia usishangae ndimi mbili za nota moja zikipishana kidogo, huo mtetemo umewekwa makusudi, ndio unaofanya ilie vile.

Safu ya G itakufaa. Lakini narudia, nguvu ya stopa nne hutaipata hapo. Kwa hiyo bei yake iwe ya chombo cha pili sio cha ndoto yako. Mimi ikiwa haivuji na ndimi hazina kutu ningetoa laki nane mpaka tisa, milioni kama ni safi sana. Na uhesabu pesa yangu pia maana nta nakubadilishia sikufanyii sadaka.

AfandeMstaafu_Bombo

Ukienda Mbale usiende na kundi zima. Wawili mnatosha. Na usimcheke mbele ya watu kuhusu Burma, mtu akifedheheka hashuki bei tena.

Nyar_Tororo

Nimeongea na mjomba wangu Ugenya. Kuna mzee jirani yao, sitataja jina wala kijiji hapa, anayo moja ya safu moja, vifundo vinne juu, kimoja kimevunjika kichwa lakini kinavutika kwa koleo. Mkanda wa kushikia uliliwa na panya wakafunga kamba ya katani. Mjomba anasema inalia mpaka barabarani. Mzee hauzi. Hataki kusikia neno kuuza. Ila amesema kama kuna mtu anayepiga kweli, aje akae naye Jumapili, na kama atamridhisha atamwachia akaitumie msimu wa sherehe za Desemba kwa makubaliano, irudi Januari na kitu kidogo juu. Ndivyo walivyokuwa wanafanya zamani, chombo kimoja kinazunguka vijiji vitatu.

Mimi ningekwenda hata kama mfukoni sina kitu. Hata akikunyima utakuwa umeisikia na umejua kii yake, na wazee kama huyo wanajua wenzao walionazo, mmoja akikataa anakuelekeza kwa mwingine. Na ukivuka nayo pita dirishani mpakani useme ni chombo cha kuazima kinarudi, usiipitishe njia za panya, itakuwa aibu mali ya mzee ikishikwa.

Kijana_Kla

Sasa hiyo ya mzee nitakuja kusikiliza hata mimi, mnitumie lokesheni. Sijasema nimebadilisha mawazo.

Mganda_Houston

Mukwano ukipata ruhusa ya mzee rekodi hata dakika tano kwa simu, weka simu mbali kama hatua nne hivi sio karibu, ikikaribia inakoroma. Makerere wana hifadhi ya muziki yenye jina la Klaus Wachsmann, yule aliyekuwa Makumbusho ya Uganda akazunguka nchi nzima akirekodi miaka ya 1949 mpaka 1954. Rekodi za wapigaji wa kodiani wa mpakani wa siku hizi nadhani watazipokea kwa mikono miwili, ila umuombe mzee ruhusa kwanza, yake na ya familia.

MtuWaSamia

Narudi na majibu maana sipendi mtu anayeomba msaada halafu anapotea.

Mbale tulienda wawili kama afande alivyosema. Mvukuto umeshuka polepole, vizuri kabisa. Safu ya nje tyuna imesema G, ya ndani C, zote zimeshuka kidogo lakini pamoja. Batani ya tisa ya nje ukivuta haitoi kitu, na besi mbili zinakoroma. Jamaa alikataa tufungue pini, mpiga gitaa wangu akaanza kuaga kwa heri, akakubali. Ndani nta imepasuka upande mmoja na kibao kimoja kinacheza ukikigusa, kutu ni doa doa tu kwenye ndimi tatu nne za chini, mikwaruzo ya msumari hakuna. Tukabishana, tukanywa chai, tukabishana tena, tumemaliza laki tisa na nusu pamoja na boksi lake la mbao ambalo bawaba moja imekatika. Burma hatukuitaja.

Kwa mzee Ugenya naenda Jumapili na dada Nyar pamoja na mjomba. Nimekuwa nafanya mazoezi kwenye safu ya G usiku mpaka mke wangu amehamia chumba cha watoto. Fundi naweza kukuletea hii ya Mbale Jumatatu kwa basi la asubuhi?

FundiVinanda_Katwe

Lete. Laki tisa na nusu umelipa vizuri, usimsikilize mtu. Pakata kwenye magoti njia nzima, usiiweke kwenye buti ya basi wala juu ya injini, nta ya nyuki inayeyuka kwenye digrii 60 na kitu na hiyo yako imeshapasuka, kibao kinachocheza kitadondokea ndani na ndimi zake kabla hujafika Jinja. Ukifika Katwe ulizia mafundi wa vinanda nyuma ya wachomeleaji wa sufuria, kila mtu atakuonyesha. Na ile ya mzee ukiipata usiifungue mwenyewe, hata hicho kifundo kilichovunjika kiache na koleo lake, mwenye chombo akitaka kitengenezwe atasema.